Tulinde Usingizi wa Mgonjwa

Tangu mafundisho ya kwanza ya katekisimu tumeyahesabu kwa vidole matendo saba ya huruma ya kimwili, na hakuna kijana wa parokia asiyejua kwamba kuwatazama wagonjwa ni mojawapo. Huku Minova tunalitimiza tendo hilo kwa moyo. Jumapili baada ya Misa, vikundi vyetu hushika njia ya hospitali vikiwa na sabuni, ndizi, unga na nyimbo. Katika tafakari ya mwezi huu tunapenda kuongeza juu ya zawadi hizo zawadi nyingine, isiyouzwa sokoni, ambayo mgonjwa mahututi huihitaji sana na ambayo watu wachache hufikiri kumpelekea. Zawadi hiyo ni usingizi.

Sisi wakaaji wa ukingo huu wa Ziwa Kivu tunaijua thamani ya usiku mmoja wa utulivu. Vita vilipofika karibu na Sake mwanzoni mwa mwaka 2024, na barabara ya kwenda Goma ikakatika, familia nyingi zilizokimbia zililala zimebanana, sikio moja likisikiliza milio ya mbali. Tuliona wenyewe jinsi kukosa usingizi kunavyombadilisha mtu. Mpole alikasirika bure. Mwenye akili nzuri alisahau alichotumwa. Watoto walishtuka mlango ulipofungwa. Hao walikuwa watu wazima wa afya. Sasa tumfikirie mtu mwenye homa kali, aliyepasuliwa, aliyeunganishwa na mipira na mashine, amelala chini ya taa isiyozimwa, katika chumba ambamo kengele za mashine hulia usiku kucha na kila saa mtu huja kumgusa. Akili ya mtu huyo itasimama juu ya nini?

Katekista mmoja wa shirika letu alitufundisha jibu bila kukusudia. Utumbo wake ulitoboka kwa sababu ya homa ya matumbo, akavushwa ziwa kwa boti, akapasuliwa mjini na kuwekwa katika chumba cha wagonjwa mahututi. Usiku wa tatu alianza kuwaona askari chini ya kitanda. Alimwita mke wake kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Aliung'oa mpira wa maji mkononi, akadai kwamba wale waliovaa nguo nyeupe wanamchanganyia sumu. Mchana alisinzia hata watu walipokuwa wakimsemesha. Jua lilipozama, hofu ilirudi.

Ndugu zake walikaa uani, chini ya mti, wakafanya shauri. Mmoja alisema ni mapepo. Mwingine alisema ni karuho, ile sumu ambayo huku kwetu hutajwa upesi kila mtu anapodhoofika na sababu haionekani. Kaka mkubwa alikuwa amekwisha kupatana bei na mwenye gari, ili wamtoe mgonjwa alfajiri na kumpeleka kwenye chumba cha maombi. Mtu mwenye kidonda kibichi cha tumbo, anayepumua kwa msaada wa oksijeni, angelazwa nyuma ya gari na kupitishwa kwenye mashimo ya barabara. Tunaamini asingefika jioni.

Muuguzi wa zamu, mama wa makamo, aliwafuata palepale chini ya mti. Hakuwacheka wala hakuwakaripia. "Baba zangu," aliwaambia, "huyu hajarogwa. Ubongo wake umeugua pamoja na tumbo lake. Nipeni siku mbili, na nipeni mtu mmoja anayemjua vizuri akae naye mchana." Walikubali shingo upande. Aliyekaa ni binti yake wa kwanza. Alifungua pazia mwanga uingie. Alimrudishia baba yake miwani, iliyokuwa imefungwa ndani ya mfuko tangu siku ya upasuaji. Kila alipoamka alimwambia kwa Kihavu, lugha ya nyumbani kwao: "Baba, leo ni Jumatano. Uko hospitalini. Umepasuliwa na unapona. Mimi ni mwanao." Usiku muuguzi alimaliza mapema kubadilisha vitambaa vya kidonda na kupima damu, akafunika taa iliyokuwa juu ya kitanda, akaomba simu zizimwe. Dawa za kuua vijidudu nazo ziliendelea kufanya kazi yake. Siku ya tano mgonjwa aliuliza ni nani anayewalisha mbuzi wake.

Hali iliyompata ina jina. Kiswahili husema kuweweseka. Madaktari huiita deliriamu. Ni kuvurugika kwa fahamu kunakoanza ghafla, ndani ya saa au siku chache, kisha kukapanda na kushuka katika siku moja. Dalili yake kubwa ni kwamba mtu hawezi kushika wazo na kulifuata. Mara nyingi huzidi usiku. Chanzo chake kimo mwilini: maambukizi, upungufu wa oksijeni, maumivu, upungufu wa maji, baadhi ya dawa, na wazee ndio walio rahisi kupatwa. Tena si kila anayeweweseka hupiga kelele. Wengi hunyamaza tu, macho wazi, hawajibu, hawali, na watu wa nyumbani hushukuru wakidhani kwamba mgonjwa ametulia. Huyo aliyenyamaza naye anaumwa, na kwa kuwa hamsumbui mtu, ugonjwa wake hupita bila kuonekana.

Mwaka 2001 daktari Wesley Ely na wenzake huko Marekani walichapisha kipimo cha kutambua hali hii hata kwa mgonjwa asiyeweza kusema kwa sababu ya mpira wa kupumulia. Sehemu yake moja ni nyepesi kiasi cha kustaajabisha: muuguzi hutaja herufi kumi polepole, na mgonjwa humbana mkono kila asikiapo herufi A. Akikosea mara nyingi, umakini wake umeyumba. Hapo hapatakiwi umeme wala mashine, ila mkono ndani ya mkono na mtu mwenye subira.

Wala tusidhani kwamba haya ni mambo ya nchi za mbali. Madaktari wa Uganda, jirani zetu, walichapisha mwaka 2015 uchunguzi wao juu ya wagonjwa mahututi waliokuwa wakipumua kwa mashine nchini mwao, na karibu nusu yao walipatwa na deliriamu. Madhara yake hayaishii hospitalini. Katika uchunguzi mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2013, wagonjwa 821 walifuatiliwa, na 74 kati ya kila 100 waliweweseka wakati wa kulazwa. Baada ya mwaka mzima, mmoja kati ya kila watatu waliopimwa alikuwa na uwezo wa kufikiri unaolingana na wa mtu aliyeumia kichwa kwa kiasi cha kati. Na kadiri deliriamu ilivyodumu siku nyingi, ndivyo hali hiyo ilivyokuwa mbaya zaidi.

Jambo hilo lilitufumbua macho, maana katekista wetu aliporudi nyumbani wengine walianza kumnong'ona. Alichanganya masomo ya Dominika. Alihesabu sadaka mara tatu na kupata jumla tatu. Alisimama mbele ya watoto wa komunyo ya kwanza akasahau sala aliyoifundisha miaka ishirini. Watu walisema amezeeka kwa wiki moja, na wengine wakarudia yale ya mapepo. Ilikuwa lazima vijana waelezwe kwamba huyu ni mtu anayetoka katika ugonjwa wa ubongo, kama vile mwingine anavyotoka katika kuvunjika mguu, na kwamba asiyemcheka anayechechemea asimcheke anayesahau. Tangu hapo kijana mmoja hukaa naye Jumamosi jioni, wakapitia masomo pamoja. Anaendelea vizuri, ingawa polepole.

Sasa turudi kwenye usingizi, kwa kuwa hapo ndipo mikono yetu inapoweza kufika. Waliochunguza wagonjwa mahututi wamekuta kwamba usingizi wao umekatikakatika vipande vidogo, karibu nusu yake huja mchana, na ule usingizi mzito unaoujenga mwili huwa haba sana. Saa ya ndani aliyotuwekea Mungu, inayotofautisha mchana na usiku, hupoteza majira. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 1999 kwamba sauti ndani ya vyumba vya wagonjwa usiku isizidi desibeli 30, yaani sauti ya kunong'ona. Lakini vyumba vya wagonjwa mahututi vilivyopimwa katika nchi mbalimbali huwa na kelele kupita kiasi hicho. Dawa za kulaza nazo si jibu rahisi. Zile za jamii ya diazepamu humfanya mtu afumbe macho bila kumpa usingizi kamili, na zimeonekana kuzidisha hatari ya kuweweseka. Si kazi yetu kumkataza daktari dawa. Ni vizuri tu tujue kwamba aliyelazwa kwa dawa si lazima awe amepumzika.

Kuna mambo mawili ambayo tungependa kila kijana ayashike. La kwanza linatoka Ubelgiji. Huko Antwerp wagonjwa mahututi 136 waligawanywa kwa bahati katika makundi mawili, na kundi moja likapewa vizibo vya masikio wakati wa usiku. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012: waliozibwa masikio walisema wamelala vizuri zaidi baada ya usiku wa kwanza, na hatari ya kuchanganyikiwa ilipungua kwao kwa karibu nusu. Kwa upande mwingine, uchunguzi wa Australia uliochapishwa mwaka 2022, wenye wagonjwa wapatao 850, ulijaribu kuzuia deliriamu kwa kidonge cha melatonini, homoni ya usiku, na kidonge hakikuonyesha faida. Tusiseme kwamba kizibo ni muujiza na kidonge ni bure katika kila jambo. Hata hivyo mwongozo wa kimataifa wa wataalamu uliotolewa mwaka 2018 unashauri njia za kawaida zikiunganishwa pamoja: kupunguza kelele na mwanga usiku, kukusanya kazi za uuguzi ili mgonjwa asiamshwe kila mara, na kumwamsha na kumsogeza mchana kadiri awezavyo.

La pili linahusu ndugu. Wakati wa janga la Korona, uchunguzi uliofanyika katika nchi 14, juu ya wagonjwa mahututi 2,088, ulikuta kwamba zaidi ya nusu waliweweseka. Waliotembelewa na watu wao, hata kwa njia ya simu ya picha, walikuwa na hatari ndogo zaidi. Hospitali za nchi tajiri, zilizokuwa zimezoea kuwaweka ndugu nje ya mlango, zinajifunza sasa kuwarudisha. Sisi desturi hiyo tunayo tangu zamani. Huku kwetu mgonjwa halazwi peke yake. Daima yuko mama, dada au mwana anayelala kwenye mkeka karibu naye. Tumezoea kuiona desturi hiyo kama dalili ya umaskini wa hospitali zetu, kumbe ni hazina. Inabaki tujifunze kuitumia: kuwa sauti inayojulikana wakati wa mchana, na kuwa walinzi wa kimya wakati wa usiku.

Maandiko Matakatifu hayako mbali na hekima hii. Nabii Elia alipomkimbia Yezebeli alifika jangwani amechoka hata akaomba kufa. Malaika aliyetumwa kwake hakuanza kwa hotuba. Alimwacha alale, akamgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena. Safari ya kwenda mlima wa Mungu ilifuata baadaye. Na Yosefu, mchumba wa Maria, alipokea maagizo ya Mungu akiwa amelala. Marehemu Papa Fransisko alieleza huko Manila, Januari 2015, kwamba alikuwa na sanamu ya Mtakatifu Yosefu aliyelala, na kwamba alipopata tatizo aliliandika kwenye karatasi na kuiweka chini ya sanamu hiyo. Basi anayelala hajatoka mikononi mwa Mungu, na anayemlinda aliyelala anafanya kazi ya malaika wa Elia.

Na wale wanaosema mapepo tuwajibu kwa upole, tukiwa na Kanisa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 1673, inaonya kwamba ugonjwa wa akili ni jambo jingine, ambalo kutibiwa kwake ni kazi ya elimu ya tiba, na kwamba kabla ya kufanya ibada ya kupunga pepo ni lazima kuhakikisha kuwa si ugonjwa. Kumwacha mgonjwa kitandani pake apate dawa, oksijeni na usingizi si upungufu wa imani. Padri na aitwe, mgonjwa apokee Mpako Mtakatifu kitandani hapohapo. Sakramenti hiyo haihitaji gari la kumtorosha mtu.

Tukienda hospitalini, basi, twende mchana, tena wachache kwa zamu. Nyimbo na ngoma zina mahali pake. Karibu na mgonjwa mahututi sala ya sauti ya chini inatosha, na Rozari inaweza kusaliwa uani na kikundi kizima. Kwanza tumwulize muuguzi tunachoruhusiwa kufanya, na tunawe mikono. Tumtaje mgonjwa kwa jina lake, tumwambie siku, mahali na habari ndogo za nyumbani: nani amezaa, mihogo imefikia wapi, ziwa lilikuwaje asubuhi. Tuseme naye kwa lugha aliyonyonya, iwe Kihavu, Kitembo, Kihunde au Kinyarwanda. Akisema anaona askari, tusibishane naye wala tusiikubali hofu yake kuwa kweli. Tumshike mkono na kumwambia, "Mimi siwaoni, ila najua unaogopa. Niko hapa." Tuulize miwani yake iko wapi.

Jua likizama, anayebaki awe mmoja. Simu iwe kimya na mwanga wake usimulike uso wa mgonjwa. Muuguzi akikubali, kipande safi cha kitenge kinaweza kufunika macho, na mazungumzo yahamie nje. Tukiona mgonjwa amebadilika ghafla, anapayuka au amenyamaza kupita kiasi, tumwarifu muuguzi mara moja, maana huenda ni dalili ya ugonjwa kuzidi. Na asiwepo anayemtoa ndugu yake hospitalini gizani kwa sababu ya maneno aliyoyasema akiwa haijui saa wala siku.

Siku ya Wagonjwa Duniani, iliyoanzishwa na Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, huadhimishwa kila tarehe 11 Februari. Tunaomba kila kikundi kisiisubiri. Katika mkutano ujao mjiulize: Katika mashirika yetu ni nani ametoka hospitalini na bado anasahau, na nani anakaa naye? Ndugu za mgonjwa wakitaka kumtoa usiku, ni nani kati yetu atakayekwenda kuongea nao chini ya mti, kwa heshima, kama alivyofanya yule mama muuguzi? Na je, tunao vijana watano walio tayari kupeana zamu za mchana, ili aliyekesha usiku apate naye kulala? Maana mama anayelala kwenye mkeka kando ya kitanda ana akili na mwili kama sisi, na usiku wa nne haumwachi salama.

Ee Bwana, uliyelala ndani ya mashua katikati ya dhoruba, uwape usingizi wote wanaougua usiku huu huko Minova, Bukavu na Goma, na utupe sisi kukesha kwa ajili yao bila kelele. Amina.